Maji au midiamu: mwongozo kamili wa kuzimua rangi za vijisanamu

Mpishi wa pwani akikuta mchuzi wa nazi umezidi chumvi, ana njia mbili. Akimimina maji, chumvi inapungua, lakini mchuzi nao unakuwa majimaji na nazi haisikiki tena mdomoni. Akiongeza tui, chumvi inapungua na mchuzi unabaki mchuzi. Ndani ya kichupa cha rangi ya akriliki mambo ni hayo hayo. Rangi ndiyo chumvi, na tui ni ile gundi inayoishikilia. Maji hupunguza vyote viwili kwa pamoja. Midiamu, yaani gundi hiyo hiyo ikiwa haina rangi, hupunguza rangi peke yake.

Wanaoanza huuliza kipi bora, na kila anayewajibu anatetea anachotumia mwenyewe. Swali lenye faida ni jingine: unataka kupunguza nini? Ukitaka rangi isiwe nzito, itandazike vizuri bila kuziba macho na mikunjo ya nguo, maji yanatosha. Ukitaka rangi ififie na kilicho chini yake kionekane, hapo unahitaji midiamu. Yote nitakayoeleza huku chini yanatoka kwenye swali hilo.

Nazungumza na anayepaka kwa brashi vijisanamu vya michezo ya mezani, vile vya milimita 28 hadi 32, kwa akriliki za maji kama Citadel za Uingereza, Vallejo za Hispania au Army Painter za Denmark. Rangi za akriliki za Tamiya za Japani huitwa jina hilo hilo ila zina alkoholi ndani, na zina thina yake maalumu, X-20A. Hizo zina taratibu zake. Ukiitia alkoholi rangi ya Vallejo, inagandamana kama maziwa yaliyokatika.

Kilichomo ndani ya kichupa

Kuna vitu vitatu vikubwa: chembe za rangi, gundi ya akriliki, na maji. Gundi hiyo haijayeyuka ndani ya maji. Imo humo kama vitone vidogo sana vya plastiki vinavyoelea, ndiyo maana midiamu ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa na ikikauka inakuwa kama kioo. Maji yakiondoka, vitone husogeleana, hugusana, kisha huungana na kuwa utando mmoja ulioshika chembe za rangi ndani yake. Utando ukishaungana, maji hayaurudishi tena kuwa rangi mbichi. Hii ndiyo neema ya akriliki: unaweza kupaka koti la pili, yaani tabaka la pili la rangi, dakika chache baada ya la kwanza bila kulivuruga.

Sasa fikiria umetia maji mengi. Vitone vya gundi vimetawanyika mbali mbali, na maji yakikauka havitoshi kuunda utando kamili. Chembe za rangi zinabaki juu ya plastiki kama vumbi lililolowana likakauka. Ukigusa kwa kidole chenye jasho, zinatoka.

Jambo la pili hutokea ukingoni. Tone la maji hukauka haraka zaidi pembeni kuliko katikati, na maji ya katikati hukimbilia huko yakibeba chembe. Ndiyo ile duara nyeusi inayobaki mezani kikombe cha chai kikimwagika. Kwenye vazi la askari wako itakuwa mstari mkali pembeni na weupe katikati, kinyume kabisa cha ulichotaka.

Hatua ya kwanza: maji yenyewe

Hapa nakaa kidogo, maana wenzetu wa nchi zenye maji laini hawalazimiki kulifikiria jambo hili. Dar es Salaam visima vingi vina chumvi. Angalia birika lako: likiwa na ukoko mweupe chini, maji hayo hayo ndiyo unayoyatia kwenye rangi. Mwaka wa kwanza nilipaka kikosi kizima cha askari wenye silaha nyeusi kwa maji ya kisima cha nyumbani. Rangi ilipokauka, mikunjo yote ilikuwa na utando mweupe kama unga uliopulizwa. Nililaumu rangi, nikalaumu praima, lile koti la mwanzo linaloifanya rangi ishike, nikanunua vichupa vipya. Kosa lilikuwa kwenye ndoo.

Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi ndiyo inazidi kukolea. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya mwanzo ni mazuri, na maji ya chupa ya kunywa yanafaa kwa kazi nyingi. Bora kuliko yote ni maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri za gari. Ila kuwa mwangalifu sana dukani, kwa sababu "maji ya betri" kwetu ni jina la vitu viwili: maji safi ya kuongezea, na asidi ya kujazia betri mpya. Soma lebo na uulize, na usinunue kilichomiminwa kwenye chupa isiyo na maandishi. Asidi ile inaunguza ngozi na macho.

Maji ya kuoshea brashi si lazima yawe hayo. Weka vikombe viwili: cha kuoshea, maji yoyote yasiyo na chumvi nyingi, cha kuzimulia, maji masafi yasiyoguswa na brashi chafu. Utoe maji ya kuzimulia kwa kitoneshi ili uweze kuhesabu matone.

Hatua ya pili: zijue midiamu kwa kazi zake

Neno midiamu limebeba vitu vingi na hapo ndipo watu hupotea dukani. Kuna midiamu hasa, yaani gundi ya akriliki isiyo na rangi. Hii huja ya kung'aa au ya mati. Ya mati imetiwa unga laini sana wa kuua mng'ao, na unga huo huzama chini ya chupa, kwa hiyo tikisa mpaka mkono uchoke. Lahmian Medium ya Citadel ni ya mati na ni nyepesi. Glaze Medium ya Vallejo imetengenezwa kwa makoti mepesi yanayoonyesha kilicho chini na inachelewa kidogo kukauka. Mitungi mikubwa ya wachoraji wa turubai ni gundi hiyo hiyo ikiwa nzito, na bei yake kwa ujazo ni ndogo zaidi. Izimue kwa maji kabla haijafika kwenye brashi. Mimi huanza na sehemu moja ya midiamu kwa mbili za maji.

Halafu kuna viongezo ambavyo si midiamu ingawa hupangwa rafu moja nayo. Kilainishi cha mtiririko hufanya kazi kama sabuni: huyafanya maji yasijikusanye kuwa matone juu ya plastiki, yatandazike. Kicheleweshaji huzuia rangi isikauke upesi. Vyote viwili havina gundi ya kuongeza. Ukivitia vingi umedhoofisha rangi kuliko ambavyo maji yangeidhoofisha, na kicheleweshaji kikizidi rangi inabaki inanata siku nzima.

Viwili usivitumie kabisa. Thina ya duka la vifaa vya ujenzi ni ya rangi za mafuta na za magari. Haichanganyiki na akriliki ya maji, na aina zake kali zinayeyusha plastiki ya kijisanamu chenyewe. Na gundi nyeupe ya mbao, ambayo watu huitia maji wakaiita midiamu ya bei nafuu, ikikauka hulainika tena ikiguswa na maji, hivyo koti la pili linalibomoa la kwanza.

Hatua ya tatu: jaribio la vijiko

Ukifanya hatua hii moja tu katika mwongozo huu, nitaridhika. Nunua vijiko vinne vya plastiki, vipige praima ya kijivu upande wa mgongo, viache vikauke. Chukua rangi moja yenye nguvu. Mimi nilitumia Mephiston Red ya Citadel, ambayo ni ya kundi la rangi za msingi, zenye chembe nyingi kuliko zile za makoti ya juu.

Kijiko cha kwanza: tone moja la rangi, tone moja la maji. Cha pili: tone moja la rangi, manne ya maji. Cha tatu: tone moja la rangi, manne ya midiamu ya mati. Cha nne: tone moja la rangi, matatu ya midiamu, moja la maji. Paka kila kijiko mara moja, usirudie rudie, uviache mpaka kesho.

Hiki ndicho nilichokiona. Cha kwanza kilikuwa chekundu sawasawa, kijivu kikichungulia kidogo tu, na koti la pili lilikimaliza. Cha pili rangi iliteremka kutoka kwenye mgongo wa kijiko kabla haijakauka, ikajikusanya kwenye kingo, ikaacha ramani ya visiwa vyekundu katikati. Nilipopitisha kidole chenye maji, kidole kilitoka chekundu. Cha tatu kilikuwa na wekundu hafifu ulio sawa kila mahali, kijivu kikionekana chini yake kama kupitia kioo cha rangi, na kidole kilitoka safi. Lakini alama za nywele za brashi zilibaki. Cha nne kilifanana na cha tatu, ila kilijitandaza chenyewe na alama zikapotea.

Kijiko cha pili na cha nne vina kiasi kile kile cha rangi. Viweke mkononi, uvigeuze kwenye mwanga. Ukishaviona viwili hivyo pamoja, utajua tofauti ya maji na midiamu kuliko nitakavyoweza kukueleza.

Hatua ya nne: kila kazi na chake

Koti la msingi ni kazi ya maji. Unataka rangi izibe, hivyo hakuna haja ya kuififisha. Anza na tone la maji kwa matone mawili ya rangi, uongeze mpaka ifikie uzito wa tui jepesi, lile la kamuo la pili. Tui zito la kwanza litajaza mikunjo na kuacha mistari ya brashi. Makoti mawili au matatu mepesi, kila moja likauke, yanashinda koti moja zito siku zote. Sivuki sehemu sawa kwa sawa za maji na rangi. Nikihitaji zaidi ya hapo, ninachoongeza ni midiamu.

Rangi nyeupe na njano zina udhaifu wake. Zikizimuliwa kwa maji mengi zinakauka kama chokaa, zina chenga. Tone moja la midiamu ndani ya mchanganyiko linaziponya, hata kama makoti yataongezeka.

Rangi za metali zitazame kwa jicho lingine. Mng'ao wake unatokana na vipande bapa vidogo vidogo, na maji yakizidi vipande hivyo huachana na gundi vikaelea peke yake. Utaona fedha imejaa kwenye bonde na kilele kimebaki kitupu. Tumia midiamu, hasa ya kung'aa, kwa sababu ile ya mati inaua mng'ao uliokufanya ununue rangi hiyo. Na kikombe cha maji ya kuoshea brashi ya metali kiwe chake peke yake, la sivyo vumbi la fedha litatokea kwenye nyuso za watu wako wiki nzima.

Rangi za Contrast za Citadel, zilizotoka mwaka 2019, hupaka na kutia kivuli kwa mkono mmoja kwa sababu ya ule ulaini wa midiamu yake. Maji yanauvunja ulaini huo, na madoa yanatokea. Zimua kwa Contrast Medium. Rangi za kivuli kama Nuln Oil na Agrax Earthshade nazo ni hivyo hivyo: tone la maji halizidhuru, ila ukitaka kuzipunguza nguvu kwa nusu, tumia midiamu.

Kupaka kwa brashi kavu, iliyofutwa karibu rangi yote, hakuhitaji chochote. Kwa brashi ya hewa, ile inayopuliza rangi, tumia thina ya mtengenezaji wa rangi. Maji matupu huiacha rangi ikauke kwenye ncha ya sindano, na juu ya plastiki inatambaa kama miguu ya buibui.

Hatua ya tano: joho jekundu, mwanzo hadi mwisho

Tuchukue joho la mpiganaji mmoja. Praima imekauka. Paka Mephiston Red kwa uzito wa tui jepesi, maji tu, makoti mawili. Subiri.

Vivuli vinafuata. Changanya rangi hiyo na tone dogo la kahawia iliyoiva, kisha uzimue: tone moja la mchanganyiko, mawili ya midiamu, moja la maji. Peleka kwenye mikunjo tu. Ikitapakaa hadi juu ya mkunjo, ifute haraka kwa brashi safi yenye unyevu.

Halafu mwanga. Evil Sunz Scarlet, nyekundu angavu zaidi ya Citadel, kwa maji, kwenye migongo ya mikunjo. Sasa joho lina mistari mitatu inayoonekana wazi, giza, wastani na nuru, na mipaka yake ni mikali. Kuilainisha mipaka hiyo ndiyo kazi ambayo maji peke yake yatakuangusha.

Tengeneza mchanganyiko wa kufunika mipaka: tone moja la Mephiston Red, manne ya midiamu, mawili ya maji. Ukiutandaza kwenye kisahani cheupe uonekane kama chai ya rangi isiyokolea, unaona kisahani kilicho chini bila kukodoa macho. Chovya brashi, kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, gusisha tumbo la brashi kwenye tishu. Brashi itoke na unyevu, isitoke na tone. Tone likibaki, litatiririka kwenye bonde na kukufanyia bwawa.

Weka ncha mpakani na uvute kuelekea upande unaotaka rangi ikolee. Brashi huacha rangi nyingi pale inapoinuliwa, hivyo pale unapomalizia kuvuta ndipo rangi itakapokolea. Koti la kwanza hutaliona. La pili utadhani umeliona. Usiongeze rangi kwenye mchanganyiko kwa kukosa subira. Kati ya la nne na la sita mpaka unayeyuka mbele ya macho yako, na hiyo ni furaha ambayo sijaichoka mpaka leo.

Kila koti likauke kabisa kabla ya linalofuata. Likiwa bado linang'aa kwa unyevu, usiliguse. Utando ulioungana nusu hukwanguka kama ngozi ya maziwa, na chini yake linabaki shimo.

Joto, feni na paleti ya maji

Msimu wa kaskazi, feni ikiwa inazunguka juu ya kichwa, tone la rangi kwenye kisahani linaota ngozi kabla hujamaliza mkono mmoja. Wengi hujibu kwa kuongeza maji kila dakika, na kufikia saa ya pili wanapaka vumbi bila kujua. Geuza feni isipulize mezani, fanya kazi alfajiri au usiku, na tengeneza paleti ya maji: chombo bapa chenye kifuniko, sponji au tishu nene iliyoloweshwa, na juu yake karatasi ya kuokea. Rangi hukaa hai kwa saa nyingi.

Lakini paleti hiyo nayo inazimua. Maji hupanda kupitia kwenye karatasi na kuingia ndani ya rangi polepole. Ulichokichanganya saa mbili asubuhi si kile unachokipaka saa tano. Ukiona rangi imetanuka na kingo zake zimekuwa nyepesi, ongeza tone la midiamu, kwa sababu kilichopungua nguvu humo ni gundi. Matone ya maji kwenye karatasi maana yake sponji imelowa kupita kiasi, ikamue.

Mambo yakiharibika

Ukiona duara zenye kingo kali, maji yalizidi au brashi ilikuwa na tone. Usijaribu kuziosha zikishakauka. Funika kwa koti la msingi na uanze pale.

Ukungu mweupe juu ya rangi za giza una sababu mbili, na kuzitenganisha ni rahisi. Ukifuta kwa brashi yenye maji masafi na ukaondoka, ni chumvi ya maji yako. Usipoondoka, ni ule unga wa midiamu ya mati uliopangana koti juu ya koti. Dawa yake ni koti moja jembamba la midiamu ya kung'aa, ukungu unapotea, kisha vanishi ya mati mara moja tu. Kwa rangi nyeusi na bluu nzito siku hizi nachanganya midiamu mbili, nusu ya mati na nusu ya kung'aa, na ukungu haujarudi.

Rangi ikijikusanya kuwa matone hata ikiwa imezimuliwa vizuri, mara nyingi plastiki ina mafuta ya vidole au ya kiwandani. Kijisanamu kioshwe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kabla ya praima. Kama praima imeshapigwa, chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye kilainishi cha mtiririko na uikoroge kwenye rangi. Kiasi hicho kinatosha.

Joho lako likishaisha, liache siku nzima kabla ya vanishi. Juu linakauka kwa dakika, lakini makoti sita ya midiamu yana maji yaliyojificha chini, na vanishi ikiyafungia humo inakuwa na mawingu. Mimi hukisimamisha kijisanamu juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto, na huandika tarehe kwa penseli chini ya kitako chake.